Uzi: Kuunda kompyuta ya mezani isiyo na kelele katika chumba cha nyuzi 31, Mji Mkongwe

Mtunza Kanda (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kazi yangu ya usiku ni kuzihamisha kanda za kaseti za taarab alizotuachia marehemu ami yangu, ziingie katika kompyuta kabla utepe haujaharibiwa na unyevu. Nilikuwa nimeshapitisha kanda kumi na moja, na kila moja niliipunguzia ule mlio wa “shhh” wa utepe kwa programu ya kusafishia sauti, nikiongeza kipimo kidogo kidogo mpaka niridhike. Kisha nikampa shemeji yangu, ambaye ni mpiga fidla, akaisikiliza mojawapo ndani ya gari lake. Hakumaliza hata ubeti wa kwanza akaniuliza: “Fidla hii nani aliyeiziba pua?”

Aliyeiziba ni mimi. Sehemu kubwa ya mlio niliokuwa nikiufuta haikuwamo katika kanda. Ilikuwa ikitoka chini ya meza yangu, kwenye kompyuta yenyewe, na kwa kuwa vipokea sauti vyangu vya masikioni ni vya aina iliyo wazi mgongoni, nilikuwa nikiisikia feni na kudhani kuwa ni utepe. Nimezirudia kanda zote kumi na moja. Kabla ya kuzirudia niliijenga kompyuta upya, na hiyo ndiyo khabari ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu karibu kila maelezo niliyoyasoma kuhusu kompyuta za kimya yaliandikwa na watu wanaolala kwa blanketi.

Hilo la blanketi silisemi kwa mzaha. Kipoza joto hakiipi prosesa ubaridi wa kiwango fulani. Kinachofanya ni kuizuia isilizidi joto la chumba kwa zaidi ya kiasi fulani. Tuseme kipoza kimoja, feni yake ikienda polepole, kinaiacha prosesa nyuzi 45 juu ya hewa inayokizunguka. Katika chumba cha nyuzi 20 huko Ujerumani, prosesa hiyo itasimama kwenye 65. Katika chumba changu mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, pangaboi nimelizima ili nirekodi utangulizi wa kila kanda kwa mdomo, na madirisha yamefungwa, hewa huwa nyuzi 31, na prosesa ileile itasimama kwenye 76. Hapo hapana hatari yoyote, kwani prosesa niliyonayo, Ryzen 5 5600G, kikomo chake ni nyuzi 95. Lakini ratiba ya feni iliyowekwa kiwandani haiyajui hayo. Imepangwa ianze kuzikimbiza feni prosesa inapofika sitini na kitu, na kwetu sisi sitini na kitu hufikiwa kwa kufungua faili tu. Ndiyo maana mtu wa Unguja huinunua feni iliyosifiwa dunia nzima kwa ukimya, akaifunga, ikampigia kelele usiku kucha, akaona ametapeliwa.

Basi mimi nilianza na joto lenyewe kabla ya kununua feni. Prosesa hiyo huandikwa kuwa ni ya wati 65, lakini kwa kawaida huachiwa kuvuta hadi wati 88. Ndani ya BIOS, yaani ile menyu ya mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, nikaichagulia mpango wa kubana matumizi, ule wa daraja la wati 45, ambao huizuia isipite wati 60 hivi. Karibu theluthi ya joto imeondoka bila kununua hata skrubu, na kazi ya kusafisha kanda moja imechelewa kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Kadi ya picha ya pekee sikuiweka kabisa, kwa sababu prosesa hii ina sehemu yake ya picha ndani, na fidla haihitaji kadi ya picha.

Baada ya hapo ndipo feni zinapoingia. Kelele ya feni haipungui kwa kiasi kilekile unachopunguza mwendo wake. Hupungua kwa kasi zaidi. Ukiipunguza feni kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 750, hewa inayosukumwa hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na desibeli 10 peke yake sikio huzihesabu kuwa ni nusu ya sauti. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa nayo, unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili zinazojikokota kwa mizunguko 750 hukupa takriban hewa ileile ya feni moja inayokimbia, kwa kelele iliyo pungufu ya desibeli 12. Nikafunga feni mbili za milimita 140 mbele na moja ya milimita 120 nyuma, na juu ya prosesa nikaweka kipoza cha mnara cha Noctua, NH-U12S, ambacho binamu yangu alikuja nacho kutoka Maskat akiwa amekitumia. Kina mabomba matano ya shaba. Ndani ya bomba mna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa prosesa, kikapanda, kikageuka maji tena penye mapezi ya chuma na kurudi, na chote hicho hakitoi sauti hata chembe.

Nilikosea pale nilipochagua mahali pa kuiweka. Nyumba zetu, kama mjuavyo, zina zidaka ukutani, na nilikuwa na kidaka kimoja kipana kilichoachwa wazi tangu enzi za bibi. Nikaona hapa ndipo: mawe na chokaa pande tatu, pazia mbele, kelele itatoka wapi? Baada ya dakika arobaini za kazi prosesa ilikuwa nyuzi 88 na feni zote zinavuma kama mashine ya kukoboa. Hewa ya moto ilitoka nyuma, ikagonga ukuta, ikarudi mbele, ikavutwa tena. Tena kuta ngumu zilizopakwa chokaa hazimezi sauti, huirudisha, kwa hiyo kidaka kilikuwa mfano wa pembe la mnyama linaloelekezwa kwangu. Sasa kompyuta iko sakafuni juu ya kipande cha godoro kilichofunikwa ubao, sentimita 40 kutoka ukutani, nyuma yake ikielekea mlangoni.

Naomba wenye ujuzi wanisahihishe, na wenye maswali waulize.

Fundi wa Mlandege

Waalaykum salaam, Maalim. Umesema kweli tupu juu ya ratiba ya feni, na mimi ningeongeza mambo ninayokutana nayo kwenye meza yangu kila wiki.

La kwanza ni soketi. Feni ya waya nne hupokea amri ya mwendo kupitia waya wake wa nne, na amri hiyo hutumwa kwa mapigo ya kama 25,000 kwa sekunde, ambayo sikio haliyasikii. Feni ya waya tatu haina waya huo. Hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti kutoka 12 kwenda chini. Wateja wengi huchomeka feni ya waya tatu kwenye soketi ambayo BIOS imeiwekea mtindo wa waya nne, matokeo yake feni hupata volti 12 kamili na kwenda mwendo wote saa zote, kisha wananiletea wakisema feni mbovu. Mara nyingi mimi hubadilisha neno moja tu ndani ya BIOS, nikaona haya hata kuomba pesa.

La pili ni keisi. Zipo keisi zilizobandikwa sponji ndani na kuzibwa uso mzima, na huuzwa kwa jina la ukimya. Kwa nchi ya baridi sina neno nazo. Kwa hapa, sponji huzuia hewa, hewa ikizuiwa feni huongeza mwendo, na kelele uliyoizuia mlangoni unaikaribisha dirishani. Chukua keisi yenye wavu mbele, tena wavu mwembamba unaotoka na kuoshwa. Ukiwa na keisi ya zamani ambayo nyuma, penye feni, chuma chenyewe kimetobolewa matundu, yale matundu ndiyo yanayopiga mluzi hewa inapopita. Niliipeleka moja kwa fundi wa mageti akaikata duara kwa grenda, nikafunga wavu wa waya wa kawaida, na mluzi ukakoma. Lakini atakayefanya hivyo atoe kwanza kila kitu kilichomo, hadi nyaya, kwa sababu unga wa chuma ukibaki juu ya ubao mkuu utauunguza siku ya kuwasha.

Pawa saplai hukuitaja. Uliweka ya aina gani?

Mtunza Kanda

Ahsante sana, fundi. Niliweka ya wati 450 ambayo feni yake haizunguki mpaka mzigo upande, na kwa kuwa kompyuta yangu yote haifiki wati 100, sijaiona ikizunguka isipokuwa siku za kidaka. Yenye alama ya dhahabu ni ghali zaidi, ila umeme inaoupoteza kuwa joto ni mdogo, na joto ambalo halikuzaliwa halihitaji feni.

Nimesahau kueleza kisa cha diski. Programu ziko kwenye SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, lakini kanda zenyewe nimezihifadhi katika diski kubwa ya kawaida ya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Nilipomaliza kufunga kila kitu na feni zikiwa chini kabisa, ukabaki mvumo wa besi unaopanda na kushuka, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Niliusaka usiku mbili. Kumbe feni ya nyuma ina mapanga tisa na nilikuwa nimeiweka kwenye mizunguko 800 hivi. Mapanga tisa kwa mizunguko 800 ni mapigo 120 kwa sekunde, sawasawa na diski. Milio miwili iliyokaribiana hivyo, ukiwamo mtofautiano mdogo tu, huungana na kuachana, ndipo ukasikika kupumua. Nikaishusha feni hadi 680, na diski nikaitoa katika skrubu zake na kuining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vimekatwa upana wa vidole viwili na kufungwa mkazo wa wastani. Mvumo umekwisha. Kompyuta ya namna hii msiisafirishe kwa bodaboda bila kuifunga diski kwanza.

Binti Kikwajuni

Maalim, shikamoo. Mimi ninacheza michezo na kuhariri video za harusi, kwa hiyo kadi ya picha siwezi kuiacha. Yangu huvuta wati 200. Kaka yangu ananishauri ninunue mfumo wa kupoza kwa maji, anasema ndio kimya kuliko yote. Je, ni kweli?

Fundi wa Mlandege

Dada, maji hayalimezi joto. Hulihamisha tu hadi kwenye rejeta, na kwenye rejeta mna feni zilezile mbili au tatu ambazo nazo zinapuliziwa hewa yetu ya nyuzi 31. Faida yake ni nafasi kubwa ya kulitoa joto, na kwa prosesa inayovuta wati 200 nisingekukataza. Kwa prosesa ya wati 60 au 90 unaongeza pampu, na pampu haina wakati wa kupumzika; hata kompyuta ikiwa haina kazi, pampu inalia. Kisha maji hupungua kidogo kidogo kupitia mipira mwaka hata mwaka, na pampu ikifa, kompyuta inazima palepale, ilhali feni ya mnara ikifa utaendelea kwa shida mpaka duka lifunguliwe.

Kwa kadi yako, bana umeme kwanza. Programu ya kadi ina kipimo cha kikomo cha nguvu. Ishushe hadi asilimia 75 uone. Asilimia za mwisho za mwendo ndizo zinazokula wati nyingi kuliko zote, kwa hiyo utapoteza picha chache kwa sekunde na feni za kadi zitatulia. Na ukisikia kadi inalia mlio mwembamba kama mbu pale mchezo unapoonesha ukurasa wa kuanzia, hiyo si feni, ni koili zinazotetemeka kwa umeme. Weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde, kwa kawaida mlio hupungua sana.

Mkaazi wa Wete

Nawasalimu kutoka Pemba. Nina maoni mawili, na la kwanza ni la kupinga. Kwa nini tuhangaike na feni wakati vipo vipoza visivyo na feni? Hao hao Noctua walitoa kimoja mwaka 2021, NH-P1, chenye uzito wa zaidi ya kilo moja, na mimi ninayo kompyuta ndogo isiyo na feni kabisa ambayo haijatoa sauti tangu niinunue. La pili, Maalim, kama nyumba yako ina kuta nene, toboa tundu, kompyuta ikae chumba cha pili, nyaya zipite ukutani. Umeshinda.

Ama kuhusu chumvi, wenzangu wa Unguja mnaisahau. Nyumba yangu iko karibu na pwani, na skrubu za keisi zilianza kuota kutu kabla ya masika ya kwanza kwisha. Feni za bei ya chini beringi zake hukauka na kuanza kukoroma. Soketi moja ya feni iliota ukijani, feni ikawa inakatika na kurudi, nikaisafisha kwa spiriti na mswaki.

Mtunza Kanda

Ndugu yangu wa Wete, la tundu lilinijia hata mimi. Ila nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kuchimba ukuta ukaridhika mwenyewe. Inabidi uombe idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kwa tundu la waya nimeona nijizuie. Halafu waya wa kawaida wa USB haufai kuzidi mita 5, na kutoka chumba cha pili hadi mezani kwangu, kwa kuzunguka mlangoni, ni zaidi ya hizo.

Kuhusu kuacha feni kabisa, sikupingi kwa kompyuta ndogo kama yako. Lakini kipoza kisicho na feni hutegemea hewa ya moto ipande yenyewe, na hewa hupanda kwa sababu chuma kina moto kuliko chumba. Ili kiutoe moto uleule katika chumba chetu, chuma chenyewe lazima kiwe cha moto zaidi, na kila kilicho jirani yake, pamoja na SSD, kinaokwa taratibu. Nilijaribu kuichomoa feni ya prosesa kwa saa moja. Prosesa ilipanda hadi 91 kwa kazi ya kusafisha kanda. Nikairudisha kwa mizunguko 450 tu, ikashuka hadi 74, na nilipoinamisha sikio kiasi cha nusu mita sikuisikia. Kwa tofauti hiyo sioni sababu ya kujinyima upepo.

Chumvi hapo umenizindua. Kipoza changu kimepakwa nikeli na bado kinang'aa, lakini keisi nitaikagua wiki hii. Nilichokwisha kufanya ni kuiwasha kompyuta kila siku hata kama sina kazi, ili joto lake liufukuze unyevu. Kisha nimeziacha feni za mbele zivute hewa nyingi kuliko ile inayotolewa na feni ya nyuma, ili hewa iingie kwa kupitia wavu tu na isivutwe pamoja na vumbi na sisimizi kwenye kila mwanya. Wavu wenyewe ni ule wa mbu wa dirishani. Nauosha kila Ijumaa asubuhi.

Binti Kikwajuni

Ahsanteni. Nimeibana kadi hadi asilimia 75 na mama ameniuliza kama kompyuta imeharibika. Maalim, tuandikie basi ratiba yako ya feni ilivyo, na utuambie kimya ulikipima kwa nini. Programu ya simu yangu inaonesha desibeli 34 kompyuta ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa.

Mtunza Kanda

Simu hiyo haikudanganyi kwa makusudi, binti yangu. Maikrofoni yake haiwezi kushuka zaidi ya hapo, kwa hiyo inakusomea uwezo wake yenyewe. Mimi nilirekodi kwa maikrofoni ya kazini, ikiwa mahali pake palepale pa kurekodia na kipimo hakikuguswa: dakika moja kompyuta ikiwa imelemewa na kazi, dakika moja ikiwa imetulia, kisha dakika moja kwa rekoda ndogo ya betri kompyuta ikiwa imezimwa. Nikazikuza zote kwa kiasi kimoja na kuzisikiliza kwa zamu. Hakuna haja ya namba ikiwa sikio halitofautishi.

Ratiba ni hii. Chini ya nyuzi 70 feni ya prosesa haiendi zaidi ya mizunguko 450 na za mbele 500. Kutoka 70 hadi 80 hupanda polepole hadi 800. Ikifika 85 zote huenda mwendo kamili, kwa sababu hapo kuna jambo limeharibika na nataka kulisikia. La muhimu kuliko namba hizo ni ucheleweshaji: Ryzen hurukaruka nyuzi kumi na zaidi kwa kufungua ukurasa tu, na feni isiyocheleweshwa itaufuata kila mruko, uuu, uuu, na sauti inayobadilikabadilika huudhi kuliko iliyo kubwa kidogo lakini imetulia. Ndani ya BIOS nimeiambia isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupandisha, na isubiri zaidi kabla ya kushusha.

Kilichobaki ni UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ambayo umeme unapoyumba hutoa “tak” ya swichi yake ya ndani, na ukikatika hupiga kengele ambayo siku moja iliingia katikati ya utangulizi wangu. Kengele nimeizima kwa programu iliyokuja nayo; “tak” naivumilia. Na baada ya yote hayo, katika ile dakika ya kompyuta iliyozimwa, niliendelea kusikia kitu kikigonga mara moja kila sekunde. Saa ya ukutani nimeihamishia jikoni.